Gurudumu Dogo Jekundu

Lalia ubavu wa kushoto, Donats. Mkono chini ya kichwa.
Jeli ni baridi, nisamehe; Januari hii ya Daugavpils
hupoza hata kilichotoka kupashwa moto.

Anacheka bila sauti. Miaka thelathini na mmoja
alisoma mita za maji chini ya nyumba za watu,
tochi mdomoni, daftari gotini.

Vuta pumzi. Itoe. Sasa usivute.
Mbavu zinatulia, dirisha linafunguka upana wa kidole,
na moyo unatokea, kijivu ndani ya kijivu:
chumba cha juu, chumba cha chini, na kati yao
kilango cha majani mawili
kilichopewa jina la kofia ya askofu.
Jani la nyuma linapitiliza. Si sana. Kama mtu
aliyeupita mlango wake kwa hatua moja
kwa kuwaza mengine.

Nawasha rangi.
Nyekundu ni damu inayonijia, buluu inayonikimbia;
hazisemi lolote juu ya usafi wake, husema njia tu.

Mwaka jana mtu aliandika: mvujo mdogo.
Naelewa kwa nini. Mkondo haukumwagika katikati ya chumba
ambapo jicho lingeuona. Umeambaa na ukuta,
umejibana kama mlevi arudiye nyumbani kwa kushika ua,
na kinachoambaa ukutani huonekana chembamba.
Nainamisha kifaa. Nakizungusha kidogo. Nautafuta shingoni,
pale damu inapopenya tundu kabla haijatawanyika.
Milimita saba.
Napima tena. Saba na nusu.
Nashusha kipimo cha kasi mpaka nusu-tufe ya chungwa
ichomoze ndani ya buluu, chini ya kilango,
navuta mstari kutoka tunduni hadi ukingoni,
nao mstari huo, ukizidishwa kwa wenyewe,
ndio unaobeba hesabu yote; nikikosea unywele mmoja
nimemkosea mtu mzima.

"Nilikuwa nafunga mabomba yote ya nyumba," anauambia ukuta,
"halafu nalitazama gurudumu dogo jekundu kwenye mita.
Likizunguka na hakuna anayetumia maji, basi.
Wenye nyumba hawakupenda. Mita yako mbovu, walisema.
Wengine walinipa chai ili niangalie upya."

Kimya.

"Linazunguka?"

Siruhusiwi kujibu. Kazi yangu ni namba,
maneno ni ya Daktari Rancāne, mlango wa tatu.
Nimejifunza uso usioandika chochote.
Lakini mkono wangu ulisimama, naye akauhisi ubavuni;
mtu wa mita hutambua kitu kinaposimama.

Haba na haba, husema watu, hujaza kibaba.
Hawasemi kibaba kikitoboka.

"Daftari langu," anasema, "halikuwa na safu ya ndogo wala kubwa."

Naigeuza skrini nusu. Anaomba miwani, nampa.
Anasoma kama alivyosoma maisha yake yote,
midomo ikitembea, tarakimu mojamoja: sita. Mbili.

"Mililita," nasema.
"Kwa siku?"
"Kwa kila pigo."

Anafumba macho. Namwona akizidisha:
mapigo kwa dakika, dakika kwa saa, saa kwa siku,
kidole kikiandika juu ya shuka.
Nami nasubiri, wagonjwa wanne wako nje, nasubiri.

"Mita za ujazo sita na kitu," anasema hatimaye.
"Ingekuwa nyumba ya mtu
ningegonga mlango usiku huohuo."

Nampa taulo. Anajipangusa kifua polepole,
anafunga vifungo, anakosea kimoja, anaanza upya.
Kisha anainama na kufuta tone la jeli sakafuni,
moja tu, karibu na gurudumu la kitanda,
ambalo mimi sikuwa nimeliona.